Mwaka Ningbo Ilipohamia Rissne

Papa Ngoy tulimzika Machi mwaka huu, ardhi ya Spånga, Stockholm, ikiwa bado ngumu kwa baridi, kisha tukaenda kula katika ule ukumbi wa Tensta tunaoukodi kwa misiba na harusi. Wakongo walileta pondu, kisamvu cha kwao, na samaki, sisi Warundi tukaleta maharage na ndizi, na Mkenya mmoja ambaye hakuna aliyemjua vizuri alileta chapati nyingi kiasi kwamba watu walimwombea dua. Nilikuwa nikigawa sahani mlango ulipofunguka, akaingia mwanamke wa Kichina, mfupi, mvi zikiwa zimemjaa mbele ya kichwa, ameshika bakuli lililofunikwa kwa taulo. Watu walimwangalia wakidhani amepotea njia. Yeye alinitazama mimi moja kwa moja, akasema kwa Kiswahili, "Pole, mdogo wangu," nami nikaweka sahani chini, nikamkumbatia mbele ya wazee wote. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na miwili. Binti yangu, ambaye mimi humsemesha Kiswahili naye hunijibu Kiswidi, aliniuliza huyo ni nani. "Ni Dada Mei," nikasema. Akataka kujua sisi wawili tulijuana wapi na Papa Ngoy. "Ningbo," nikamjibu, bila kufikiri. "Lakini mama, Papa Ngoy hajawahi kufika China." Ni kweli, hakuwahi. Mimi pia nilikuwa sijafika siku zile. Lakini karibu mwaka mzima, kuanzia Oktoba 2007, tuliishi huko sisi watatu, katika jiko la ghorofa ya pili kitongojini Rissne, na jambo hilo huwezi kulieleza ukiwa umeshika upawa.

Sitasimulia hapa nilivyofika Sweden wala niliowaacha nyuma. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na chumba changu kilikuwa ghorofa ya tano, kwa Shangazi Jacqueline, ambaye hatukuwa na undugu wa damu. Alikuwa Mrundi mwenzangu aliyenipokea, akanipa kitanda, blanketi mbili na masharti matatu: kanisa Jumapili, viatu nje ya kapeti, na nisipoteze muda. Yeye alifanya kazi katika nyumba ya wazee, na alishanitafutia nafasi kwenye kozi ya kuwahudumia wazee, itakayoanza Agosti ya mwaka unaofuata. "Watu wa hapa wanazeeka kila siku," alikuwa akisema huku akikunja sare zake. "Hiyo kazi haina siku itakayokwisha." Nilikubali. Hadi kozi ianze, nilikuwa nikimalizia masomo ya sekondari katika shule ya watu wazima, na jiografia lilikuwa somo lililobaki tu kwenye ratiba, kama kiti cha mwisho ukumbini.

Mwalimu wetu aliitwa Birgitta, mama mrefu wa sauti ndogo, ambaye wiki ya kwanza alipitisha kikapu chenye vikaratasi vilivyokunjwa. Kila mmoja alichukua mji wa bandari wa kuusoma mwaka mzima. Mwezi wa Juni tungesimama mbele ya darasa na kujibu swali moja tu: kwa nini bandari iko hapo na si mahali pengine? Mwiraki aliyeketi kushoto kwangu alipata Rotterdam akatabasamu. Mimi nilifungua changu nikasoma Ningbo. Nilidhani ni jina la mtu. Nilimpelekea Birgitta karatasi nikamwambia kuna makosa. Aliichukua, akaisoma, akanirudishia. "Hakuna makosa," alisema. "Nenda ukaitafute." Kozi ile ya Shangazi haikudai alama ya jiografia, kwa hiyo ningeweza kuiacha Ningbo ndani ya kikaratasi chake na maisha yangu yasibadilike hata kidogo. Nimefikiria jambo hilo mara nyingi tangu Machi.

Chumba cha kufulia nguo kilikuwa chini kabisa ya jengo letu, na kila nyumba ilijiwekea saa zake kwa kutundika kufuli dogo ubaoni. Jumamosi moja ya Oktoba niliikosea saa. Nilikuwa nimekaa juu ya kikapu, atlasi ya shule ikiwa wazi juu ya mashine inayotetemeka, akaingia mwanamke wa ghorofa ya pili, amebeba mashuka, uso umekunjamana. "Saa hii ni yangu," alisema kwa Kiswidi kibovu kama changu. Nilianza kuomba radhi. Hakunisikiliza. Aliweka mashuka sakafuni, akasogea kwenye atlasi, akaweka kidole mahali pale pale ambapo mimi nilikuwa nimepiga mstari kwa penseli. Kidole kilikaa. "Hapa ni kwetu," alisema. Nikasoma jina kwa sauti, naye akanirekebisha mara tatu mpaka likamridhisha. Kisha, mashine ikiunguruma kati yetu, akanieleza kwamba jina hilo ni maneno mawili: la kwanza ni utulivu, la pili ni mawimbi. Mji wa mawimbi yaliyotulia. Nikamuuliza kwa nini mawimbi yalitulia pale. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Mimi napika tu. Kamuulize baba yangu. Yeye husukuma meli."

Ndivyo nilivyoanza kwenda kwa Dada Mei kila Jumapili baada ya kanisa. Alifanya kazi jikoni katika mkahawa mmoja wa Sundbyberg uliouza chakula cha mchana, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Jiko lake lilikuwa sawa na la Shangazi kwa kila kitu, sinki lile lile, kabati zile zile za rangi ya maziwa, lakini lake lilinukia siki na tangawizi. Juu ya friji kulikuwa na picha ya msichana wa miaka sita aliyepandishwa mabegani na mzee mwenye kofia. Msichana ni binti yake, Yanyan. Mzee ni baba yake, Mzee Zhou. Mei alikuwa ameomba kibali binti aje, na jibu lilikuwa bado. Siku ya kwanza alinipikia vitufe vyeupe vya unga wa mchele unaonata, vikielea katika maji ya moto. Nilikiuma kimoja kizima, na ndani yake ukamiminika ufuta mweusi uliosagwa na sukari na mafuta, ukaniunguza ulimi hadi machozi yakanitoka. Mei alipiga meza kwa kicheko. "Kila mgeni," alisema. "Kila mgeni hufanya hivyo hivyo."

Shangazi hakuzipenda Jumapili hizo. Aliona ninatekwa na mambo yasiyo na mkate ndani yake, akamtuma Papa Ngoy aje anirudishe njiani. Papa Ngoy aliishi ghorofa ya chini, dereva wa basi la mjini, mzee wa kanisa letu, Mkongo mwenye suti moja ya kijivu aliyoivaa kila alipokuwa na jambo zito la kusema. Nilipofungua mlango wa Mei na kuiona suti ile, nilijua kilichomleta. Aliketi, akakataa chai, akaikubali. "Mutoto wangu," alianza, "hii mambo ya Wachina inakusaidia nini?" Nikamsogezea ramani niliyoichora. Alitoa miwani. Akaiangalia muda mrefu sana, na nikaona kidole chake kikiruka maji yote ya buluu na kwenda kusimama upande wa nchi kavu, nyuma ya bandari, mahali ambapo mimi nilikuwa nimeacha karatasi nyeupe. "Nyuma yake iko nini?" aliuliza. Nikasema sijui. "Basi haujachora bandari. Umechora pwani." Ndipo nilipopata kujua kwamba kabla ya mabasi, kabla ya Sweden, Papa Ngoy alikuwa karani wa bandari ya Kalemie kwa miaka mingi, kwenye Ziwa Tanganyika. Aliandika meli zinazofika na mabehewa yasiyofika. Meli zilikuja, alituambia, ziwa lilikuwa zuri, lakini reli ya kupeleka mzigo ndani ilikufa kipande kwa kipande, na bandari ikafa nyuma yake huku maji yakiendelea kung'aa. Hakunirudisha njiani. Jumapili iliyofuata alikuja tena, bila suti.

Mei alinunua kadi ya simu katika duka moja la Tensta, tukakwaruza namba, tukaiweka simu katikati ya meza na kufungua spika. Huko Ningbo ilikuwa jioni, na Mzee Zhou alikuwa amemaliza zamu yake kwenye tagi, yale maboti madogo yenye nguvu yanayosukuma meli kubwa hadi gatini. Papa Ngoy aliuliza kwa Kiswahili chake cha Kalemie, akiongeza Kifaransa palipokuwa na jambo la kiufundi. Mimi nikageuza kwa Kiswidi, Mei akageuza kwa lugha ya kwao, na jibu likarudi kwa njia ile ile likiwa limepungukiwa kidogo kila kituo. Hata hivyo lilifika. Papa Ngoy aliuliza maji yakipwa kinabaki kina gani. Mzee Zhou akasema jambo, Mei akacheka. "Anauliza ni nani huyo. Anasema huyo si mwanafunzi." "Mwambie ni karani," alisema Papa Ngoy, akajinyoosha kitini.

Jumapili zile nilikuwa nikiandika mpaka mkono unauma. Mzee Zhou alitueleza kwamba mbele ya pwani yao kuna visiwa vingi, vikubwa na vidogo, vimejipanga kama watu waliosimama bega kwa bega. Tufani linapokuja kutoka bahari kuu linavipiga visiwa, na meli zilizo nyuma yake zinatikisika tu kama mtoto anayebembelezwa. Kati ya visiwa na bara kuna mfereji wa asili, wenye kina kikubwa, na maji ya kujaa na kupwa yanapita humo kwa nguvu hivi kwamba tope halipati nafasi ya kukaa. "Bahari yenyewe inafagia," Mei alitafsiri, na Papa Ngoy akaweka kijiko chini. Huko Kalemie, alisema, waliomba mashine ya kuchota mchanga miaka na miaka. Kisha ukaja upande ule wa karatasi yangu uliokuwa mweupe. Ningbo iko karibu na katikati ya pwani ndefu ya China, na kaskazini yake kidogo tu mto mkubwa kuliko yote nchini unamwaga maji baharini, kwa hiyo mizigo ya bara la ndani inateremka na mto. Mji wenyewe umekaa mahali mito mitatu inapokutana. Mfereji uliochimbwa na watu wa kale kutoka kaskazini unakwenda kuishia hapo. Kuna reli, kuna barabara, na mwaka ule ule walikuwa wakimalizia daraja refu mno la kuvuka ghuba, ili malori ya kwenda Shanghai yasizunguke tena. Na nyuma ya hayo yote kuna watu. Mei alituambia kwamba katika mtaa alioishi baada ya kuolewa, kila nyumba ilitengeneza kipande kimoja cha swichi ya taa. Nyumba moja springi, nyingine skrubu, nyingine kifuniko cha plastiki. Asubuhi swichi haipo duniani, jioni imevuka mtaa na imekamilika, imo kwenye boksi. Papa Ngoy aliinuka, akaenda ukutani, akabonyeza swichi ya jikoni. Taa ikawaka, ikazimika, ikawaka. "Miye nilizani bandari ni maji," alisema taratibu. "Kumbe bandari ni majirani."

Sijui kama naweza kueleza nilichokisikia moyoni miezi ile. Nilikuwa mtu wa mahali ambapo mambo hutokea ghafla na bila sababu, na mtu hujifunza kutouliza. Sasa jikoni kwa Mei niliona, kwa mara ya kwanza, jambo kubwa likifunuliwa hadi kwenye mishipa yake: kisiwa hapa, mkondo pale, mto, mfereji, mtaa wa springi, na kwa sababu hiyo meli inakuja, na kwa sababu meli inakuja, taa ya Rissne inawaka. Nilitembea mjini nikiwa kama mtu aliyepewa macho mengine. Januari Papa Ngoy alitupeleka Hässelby, mwisho wa reli ya kijani ya treni za mjini, tukashuka hadi ufukwe wa ziwa. Ziwa lote lilikuwa limeganda, jeupe hadi ng'ambo, isipokuwa mstari mmoja mweusi ambao meli ya kuvunja barafu ilikuwa imeukata. Meli ndogo ya mizigo ilikuwa ikipita katika mstari huo polepole sana, na vipande vya barafu vilikuwa vikisagika kwenye ubavu wake kwa sauti ya vyombo vinavyovunjika katika nyumba ya jirani. Tulisimama mpaka ikapita. Stockholm nayo ina visiwa vyake maelfu vya kuikinga, nikafikiri, lakini njia zake ni nyembamba na zenye kona, na kila mwaka majira ya baridi huja kuufunga mlango. "Kwetu maji hayaufungi mlango," alisema Mei, kana kwamba amenisikia. Aliyasema kwa fahari. Pumzi yake ilitoka nyeupe.

Mwezi wa Februari Dada Mei alitupokea jikoni. Alikuwa akikata kabichi, akaendelea kukata alipokuwa akituambia. Bandari inapanuliwa. Magati mapya yanahitaji uwanja wa makontena, na uwanja utafika hadi kwenye kijiji cha baba yake, nyumba zote, pamoja na ile alimozaliwa yeye na ile alimokuwa akilala Yanyan. Familia zitapewa nyumba za ghorofa mbali na maji. Mzee Zhou atastaafu. "Lini?" aliuliza Papa Ngoy. "Kabla ya kiangazi." Papa Ngoy alisema pole. Mimi nilisema pole. Kisha, na hili ninaliandika nikiona aibu, nilifungua daftari langu chini ya kichwa kilichosema Faida za Mahali, nikaandika: nafasi ya kutosha ya upanuzi. Mei aliniona nikiandika. Hakuuliza ni nini.

Mwezi wa tano Mzee Zhou alitupigia yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ilikuwa moja ya zamu zake za mwisho, na alikuwa amesukuma kutoka gatini meli iliyokuwa inakwenda hadi Gothenburg, pwani ya magharibi ya Sweden. Alimtajia Mei jina la meli hiyo herufi kwa herufi. Tulilitafuta kwenye kompyuta ya maktaba wiki baada ya wiki, na ilipokaribia, Papa Ngoy aliomba likizo ya siku moja, akatuchukua kwa gari lake kuukuu, kutwa nzima ya misitu na maziwa, mayai ya kuchemsha na kaseti za kwaya. Huko Gothenburg tulipanda kilima cha mawe ng'ambo ya mlango wa mto, tukangoja. Kwanza tulidhani ni kisiwa. Kisha kisiwa kikageuka na kutuonyesha ubavu. Makontena yalikuwa yamepangwa juu yake kama mtaa mzima uliong'olewa na kupakiwa, mekundu, ya buluu, ya kijani, ghorofa juu ya ghorofa, na chini yake maji hayakutoa sauti yoyote. Meli hiyo ilikuwa imepita mlango-bahari wa Malaka, ikaivuka bahari inayopiga pwani za Afrika Mashariki, ikapita Suez, ikazunguka Ulaya yote, ikaja kusimama mbele ya watu watatu wa Rissne wanaokula mayai. Pembeni yake maboti mawili madogo ya hapa yalikuwa yakiisukuma taratibu, kwa adabu. Mei alipiga simu. Hakutaka spika. Alizungumza kwa lugha yake, sauti ikipanda, kisha akaielekeza simu upande wa maji kwa mkono ulionyooka, ili baba yake asikie. Papa Ngoy alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Mungu mukubwa," alisema. "Na watu pia."

Juni nilisimama mbele ya darasa. Nilikuwa na trei ya kuokea keki, jagi la maji, viazi saba na mashine ya kukaushia nywele ya Shangazi, niliyoichukua bila ruhusa. Nilipanga viazi upande mmoja wa trei, nikamimina maji, nikaweka kipande cha gome nyuma ya viazi kuwa meli, nikawasha upepo. Mbele ya viazi maji yaliruka mpaka yakamlowesha Mwiraki. Nyuma ya viazi gome lilitulia. Darasa zima lilisimama kuja kuangalia. Maneno ya Kiswidi, ambayo mwaka mzima yalikuwa yakinikwama kooni, yalitoka yenyewe. Nilieleza mkondo unaofagia, mto, mfereji, reli, daraja, mtaa wa springi, bahari isiyoganda, na meli tuliyoiona. Nilipomaliza walipiga makofi, na Birgitta alikuwa akitabasamu. Kisha akauliza kwa ile sauti yake ndogo, "Na waliokuwa wakiishi hapo, wao wanasemaje?"

Mwaka mzima nilikuwa nimezungumza na mzee aliyekuwa akiishi hapo. Nilijua zamu zake, nilijua upepo anaouchukia, nilijua kina cha maji mbele ya mlango wake maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa. Lakini jinsi alivyojisikia walipomwambia ahame, hilo sikuwahi kumuuliza. "Sijui," nikasema. "Sikumuuliza." Birgitta aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu. Alama aliyonipa ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, na nilipanda treni kurudi Rissne na trei mapajani, nikiwa na uzito kama wa mtu aliyepitwa na maziko.

Kibali cha Yanyan kilitoka Julai. Wiki ya kwanza ya Agosti alifika, na babu yake ndiye aliyemleta, kwa viza ya mgeni. Nyumba yao ilikuwa imeshavunjwa. Mzee Zhou alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria, mweusi kwa jua, na alipopeana mkono na Papa Ngoy pale uwanja wa ndege wote wawili walisahau kuachia. Jumamosi tulikwenda mjini sote, tukakaa kwenye benchi karibu na Slussen, mahali ziwa linapomwagikia baharini. Yanyan na mama yake walikwenda kununua aiskrimu, na Mei aliporudi nilimwomba anitafsirie. Nilimuuliza mzee swali la Birgitta.

Aliangalia feri zinazopita. Kisha alizungumza kwa muda, na Mei akatafsiri bila kumtazama mtu. "Anasema, baba yake alimwonyesha yale maji akiwa mdogo kama Yanyan. Alimwambia, sisi tuna mitumbwi, na mitumbwi haihitaji kina kama hiki. Tumelala kitandani mwa jitu. Siku moja litarudi." Akaendelea. "Anasema, kwa hiyo walijua. Na kujua hakukusaidia. Usiku wa mwisho mama yangu mimi, mke wake, alifagia nyumba yote, kila chumba, na asubuhi mashine zikaja. Anasema hakuna aliyemuuliza kabla yako."

Nilitaka kusema kitu kinachofaa. Mzee Zhou alinitangulia. Aliniuliza kuhusu kwetu. Nikasema nimezaliwa karibu na ziwa lile lile la Papa Ngoy, upande wa pili, Burundi. Akachangamka, akageuka kunielekea kama mtu aliyerudi kazini. Kina chake ni kiasi gani? Upepo mbaya unatoka upande gani, na mwezi gani? Mito mingapi inaingia? Nyuma ya ufukwe kuna nini? Mei alitafsiri maswali moja baada ya jingine, na mimi, niliyeijua Ningbo nzima hadi chini kabisa, sikuweza kujibu hata moja. Nilikuwa nimechota maji katika ziwa lile, nimeoga humo, nimelivuka nikikimbia, lakini sikuwahi kujiuliza lolote juu yake. Papa Ngoy aliniokoa. Alisema ziwa letu linakwenda chini zaidi ya kilomita moja. Mei akatafsiri. Mzee Zhou alitikisa kichwa, akamwambia binti yake kwamba amekosea neno. Akarudia. Akamfanya Papa Ngoy aandike kwa namba kwenye kikaratasi cha aiskrimu. Alikishika kile kikaratasi kwa mikono miwili, midomo ikisogea, akisoma. Kisha mzee yule aliyesukuma meli kubwa kuliko zote duniani alivua kofia yake, akaiweka gotini, akakaa hivyo.

Jumatatu nilimkuta Shangazi jikoni akichambua maharage. Nilimwambia sitakwenda kwenye ile kozi. Nilimwambia nataka kusomea mambo ya meli na mizigo, jinsi vitu vinavyosafiri na kwa nini vinapita njia vinazopita. Mikono yake haikusimama. Punje mbovu zilikuwa zikianguka kwenye kisahani, moja, moja, na nilikuwa nikingoja anikumbushe kitanda, blanketi na masharti yake matatu.

"Hiyo kazi ya meli," alisema hatimaye, bila kuinua macho, "wanampa mwanamke?"

"Sijui, Shangazi."

"Basi nenda ukaulize."